Viza ya nchi inayofuata: uombe kwenu, kwa jirani, mtandaoni au mpakani?

Uko safarini wiki ya sita. Nchi unayotaka kuingia baada ya hii inadai viza, kwenu hukuiomba, na sasa umegundua kwamba ubalozi wake upo katika mji huu huu ulimolala. Uende kesho asubuhi na pasipoti mkononi? Ujaze fomu ya mtandaoni usiku huu? Au uende tu hadi mpakani ukaone watakavyosema?

Wengi huanza kwa kulinganisha ada. Ada ina uzito wake, ila katika safari ya nchi kadhaa kinachokwisha kwanza huwa ni siku. Viza unayoisubiri ukiwa ugenini inakula siku za ruhusa nyingine, ile inayokuweka kihalali hapo unaposubiria. Mchukue msafiri aliyegongewa muhuri wa siku 30. Ametembea siku 12, kisha akapeleka maombi ubalozini, akaambiwa arudi baada ya siku 15 za kazi. Siku 15 za kazi ni wiki tatu za kalenda, na 12 ukijumlisha na 21 unapata 33. Huyu atapitiliza muda wake akiwa bado anasubiri, na pasipoti ambayo angetokea nayo nchini imefungiwa katika kabati la ubalozi.

Ndiyo maana njia zote hapa nazipima kwa maswali mawili: inakula siku ngapi, na siku hizo pasipoti inalala wapi.

Kwenu, kabla ya kuondoka

Njia hii ndiyo mabalozi wanaipenda. Wewe ni mkazi wa hapo, barua ya mwajiri inathibitishwa kwa simu moja, taarifa ya benki ina muhuri, na ukikataliwa unarudi kulala kitandani kwako. Unaposubiri, hakuna anayekuhesabia siku.

Udhaifu wake ni kalenda. Viza hubeba muda wa aina mbili, na watu huuchanganya kila leo: muda wa kuitumia kuingia na muda wa kukaa ukishaingia. Mtu anaona "siku 30" anatulia, kumbe tarehe ya mwisho ya kuingia imepita akiwa bado nchi mbili nyuma. Viza nyingi za kitalii hutolewa zitumike ndani ya miezi michache tu. Hata kuomba mapema kuna ukomo wake: nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja, hazipokei maombi zaidi ya miezi 6 kabla ya safari. Kwa likizo ya wiki tatu na nchi mbili, omba kwenu, hakuna mjadala. Kwa safari ya miezi minane, kwenu utaombea nchi za mwanzo tu, zilizobaki utazitafuta njiani.

Kwa jirani, katika ubalozi ulio njiani

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo ushauri wa wasafiri wenzako unapopitwa na wakati haraka. Kilichowezekana mwaka juzi kwenye dirisha fulani huenda leo kina tangazo ukutani la kukikataza.

Swali la kwanza: ubalozi huu unapokea wapita njia, au wakazi peke yao? Majibu yanatofautiana sana, na nchi tatu au nne zinatosha kuonyesha tofauti hiyo.

Schengen wameiandika wazi. Maombi hupelekwa katika ubalozi unaohudumia mahali unapoishi kihalali. Kifungu cha 6 cha kanuni yao ya viza kinaacha mlango mdogo: aliyepo kihalali bila kuwa mkazi anaweza kusikilizwa, mradi atoe sababu ya kuombea hapo badala ya kwao. "Nilikuwa napita" haiwezi kukufikisha mbali. Hata ukipokelewa, hesabu haikusaidii sana: uamuzi una siku 15 za kalenda, na unaweza kusogezwa hadi 45 wakitaka kuchunguza zaidi. Ada ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa viza hairudi.

Marekani ilikuwa kwa miaka mingi mfano mkuu wa kuombea kwa jirani. Foleni ya usaili kwenu ikifika mwaka mzima, unatafuta nchi yenye foleni fupi, unaruka huko wiki moja, unafanyiwa usaili, unarudi. Septemba 2025 mlango huo ulibanwa: waombaji wa viza zisizo za uhamiaji waliagizwa kufanya usaili katika nchi ya uraia wao au ya makazi yao. Ada ya dola 185 hairudishwi na haihamishwi kutoka ubalozi mmoja kwenda mwingine, kwa hiyo kubahatisha hapa ni ghali. Kuna waliopangiwa nchi nyingine kabisa, kwa sababu kwao ubalozi wa Marekani hautoi huduma ya kawaida ya viza. Raia wa Iran wameelekezwa Dubai, wa Afghanistan Islamabad. Kwa hao, kuombea nje ya nchi si suala la kuchagua.

Uingereza ni kinyume. Anayeomba viza ya matembezi anatakiwa awe nje ya Uingereza na aende katika kituo kilichoteuliwa kupokea maombi. Ukazi wa hapo si sharti. Majibu ya kawaida huchukua kama wiki tatu baada ya kutoa alama za vidole. Ila kukuruhusu uombe si kukuahidi viza. Anayepitia faili lako atataka kuona unarudi wapi na nini kinakurudisha, na mtu aliye safarini miezi mitano bila kazi wala anwani ana kibarua cha kulieleza hilo kwa karatasi.

Ukishatoka kwenye nchi hizi zenye kanuni ndefu, mara nyingi uamuzi uko dirishani. Balozi mbili za nchi moja katika miji miwili zinaweza kukupa majibu mawili tofauti kwa pasipoti ile ile. Usiende kwa kusikia. Andika barua pepe fupi: uraia wako, hadhi yako nchini humo, tarehe unayotaka kuingia, na swali moja tu, kama wanapokea wasio wakazi. Wakijibu ndiyo, chapisha jibu uende nalo. Wasipojibu, nenda asubuhi mapema ukiwa na siku za kutosha mkononi.

Pili, karatasi. Baadhi ya balozi zitakudai barua ya utambulisho kutoka ubalozi wa nchi yako mwenyewe. Maana yake ni balozi mbili kwa viza moja, na kama nchi yako haina ubalozi hapo, njia imefungwa. Picha nazo zina vipimo vyake: milimita 35 kwa 45 ndicho kipimo kinachotumika sana, Marekani wanataka inchi 2 kwa 2, China milimita 33 kwa 48. Mpiga picha wa mtaa usiokujua atakupa kipimo anachokizoea yeye. Ada mara nyingine hulipwa benki fulani tu, katika tawi fulani, na risiti ndiyo unayoipeleka dirishani. Mara nyingine ni dola taslimu, noti mpya, bila chenji. Kama njia yako inapita nchi zenye homa ya manjano, beba cheti cha chanjo. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, ila huanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo sindano ya leo haikusaidii mpaka wa kesho.

Na kumbuka sikukuu. Ubalozi hufunga kwa sikukuu za nchi uliyomo, kisha hufunga tena kwa za kwao. Niliwahi kufika kwenye geti Alhamisi nikakuta karatasi imebandikwa: leo sikukuu ya wenyeji, kesho ya kwao, karibuni Jumatatu. Siku nne za muhuri wangu zilikwisha hivyo hivyo, nikizunguka bustanini.

Tatu, pasipoti inalala kwao. Hili watu hulichukulia kirahisi mpaka liwafike. Bila pasipoti huvuki mpaka, hoteli nyingine hazikupokei, kubadili fedha kunakuwa taabu, na kituo cha ukaguzi barabarani kinaweza kukupotezea nusu siku. Kabla ya kuikabidhi, piga nakala ya ukurasa wa picha na ule wenye muhuri wa kuingia, na uombe risiti ya ubalozi yenye jina lako na namba ya pasipoti. Ziara za nje ya mji zifanye kabla, si wakati wa kusubiri.

Nne, majirani wasiosalimiana. Ramani inaweza kukudanganya. Mpaka wa nchi kavu kati ya Morocco na Algeria umefungwa tangu 1994, na mwaka 2021 Algeria ilivunja uhusiano wa kibalozi, kwa hiyo mtu aliyepo Rabat hana ubalozi wa Algeria wa kwenda kugonga mlango. Armenia na Azerbaijan zinapakana lakini mpaka wao umefungwa kwa miongo. Anayetoka Yerevan kwenda Baku huzungukia Georgia, na Tbilisi ndipo mambo yake yanapoweza kushughulikiwa. Jirani wa kuombea viza ni yule mwenye uhusiano mzuri na unakokwenda, hata kama kwa kilomita yuko mbali kidogo.

Tano, mtego wa kuingia mara moja. Umetoka nchi ya kwanza kwenda ya pili ili uombee huko viza ya nchi ya tatu. Umenyimwa. Unataka kurudi ya kwanza, na viza yake ilikuwa ya kuingia mara moja, umeshaitumia. Sasa unahitaji viza mbili badala ya moja, na saa inakwenda. Marekani kuna sura yake ya mtego huu: kuna utaratibu unaomruhusu mtu aliyekwenda Canada au Mexico kwa siku zisizozidi 30 kurudi hata kama viza yake imeisha, mradi karatasi yake ya ukaaji bado iko hai. Akiwa huko akaomba viza mpya, nafuu hiyo inaondoka, na akinyimwa hawezi kurudi alikotoka. Kabla ya kuvuka kwenda kuomba, jiulize ukinyimwa utalala nchi gani.

Kwa orodha hii ya mashaka, mbona watu bado wanaombea kwa jirani? Kwa sababu inapokubali, inakubali vizuri. Tarehe zinakuwa mpya, zimeshonwa kwa safari unayoiishi, si ile uliyoiota ukiwa kwenu. Kuna balozi ambazo kazi yao kubwa ni wapita njia, na maofisa wake hawashangai kuona mtu mwenye begi mgongoni asiye na barua ya mwajiri. Ubalozi wa Thailand ulioko Vientiane na ule mdogo wa Savannakhet, huko Laos, ulijulikana na vizazi vya wasafiri kwa kazi hiyo. Kathmandu, mji mkuu wa Nepal, ilikuwa hivyo kwa waliotaka kushuka India kwa basi, kwa kuwa viza ya kielektroniki ya India kwa miaka mingi ilikuwa ya wanaoingilia viwanja vya ndege na bandari teule, si barabara.

Mtandaoni, popote ulipo

Kama nchi inatoa viza ya kielektroniki kwa uraia wako, na mlango unaotaka kuingilia umo katika orodha yake, sioni sababu ya kwenda ubalozini. Pasipoti haitoki mfukoni. Unasubiri huku unatembea, hata ukivuka mpaka mwingine katikati. Kwa maswali yangu mawili, njia hii inashinda zote.

Mwelekeo wa dunia pia uko huko. Uzbekistan, ambayo zamani ilihitaji barua ya mwaliko na subira ya ubalozini, ilifungua viza ya kielektroniki Julai 2018, na safari za Asia ya Kati zikawa kitu kingine kabisa. Vietnam tangu Agosti 2023 inawapa raia wa nchi zote viza ya hadi siku 90, dola 25 ya kuingia mara moja au 50 ya mara nyingi.

Ila soma kila neno. "Mlango unaotaka kuingilia" si mapambo ya fomu: fomu ya Vietnam inakutaka uutaje, na aliyetaja uwanja wa ndege kisha akatokea mpaka wa nchi kavu anajitafutia maneno. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye zile herufi za chini ya ukurasa wa picha, pamoja na jina la kati usilolitumia. Chapisha karatasi, kwa kuwa simu huzima na mpakani huenda hakuna intaneti. Na tovuti ihakikishe ni ya serikali. Za mawakala hutangulia kwenye utafutaji, hufanana na ya kweli kwa rangi na nembo, na hukutoza mara mbili kwa kujaza fomu ile ile.

Kuna jambo moja zaidi linalowashangaza watu. Mtandaoni si lazima kumaanishe popote. Thailand ilieneza mfumo wake wa kielektroniki kwa balozi zake zote Januari 2025, lakini bado unaomba kupitia ubalozi wa mahali ulipo, na unadaiwa uthibitisho kwamba upo hapo kweli. Yule wa Vientiane siku hizi haachi pasipoti dirishani, ila Vientiane bado lazima awepo.

Mpakani, ukifika

Hapa siku hazipotei kabisa, na pasipoti inatoka mkononi dakika chache tu. Nepal ni mfano mzuri: siku 15, 30 au 90 kwa dola 30, 50 au 125, unalipa unaingia. Ipo pia viza ya KAZA ya Zambia na Zimbabwe, dola 50 kwa siku 30, ambayo hukuruhusu kuvuka na kurudi kati ya nchi hizo mbili, na hata kushinda siku moja Botswana kupitia mpaka wa Kazungula. Ya Afrika Mashariki, dola 100 kwa siku 90 ndani ya Kenya, Uganda na Rwanda, huombwa kwa nchi utakayoingia kwanza, na ukitoka nje ya hizo tatu imekufa. Kama mpango wako unapitia Tanzania katikati, usiinunue.

Hatari ya mpakani ni kwamba kukataliwa kunatokea mahali pabaya zaidi: kati ya milango miwili, muhuri wa kutoka umeshagongwa nyuma yako. Hakikisha mambo matatu kabla ya kupanda basi. Kwamba huduma ipo kwenye mpaka ule, si uwanja wa ndege peke yake. Kwamba uraia wako umo katika orodha. Kwamba una fedha taslimu ya aina wanayoipokea. Na kama unaruka, mwamuzi wako wa kwanza ni mfanyakazi wa shirika la ndege kwenye kaunta. Asipoona kwenye kompyuta yake kwamba unaruhusiwa, hupandi.

Njia ya pembeni: pasipoti ya pili

Baadhi ya nchi, Marekani na Uingereza zikiwamo, hutoa pasipoti ya pili kwa msafiri mwenye sababu. Moja inatumwa ubalozini, nyingine unatembea nayo. Ni raha, ila uangalifu ni huu: muhuri wa kuingia nchi uliyomo uko kwenye moja tu, na hiyo ndiyo utakayotokea nayo. Ukiituma ile yenye muhuri, hujafanya kitu. Kutuma pasipoti yako pekee kwenu kwa posta ukabaki na nakala, hilo simshauri mtu.

Kwa hiyo nani achukue ipi

Mwenye tiketi za ndege zenye tarehe, aombe kwenu, hata kama kwa jirani ada ni nusu. Mwenye safari ndefu ya nchi kavu apange kwa kurudi nyuma: aandike tarehe anayotaka kuvuka, atoe siku za kazi za ubalozi, atoe wikendi, atoe siku mbili za sikukuu asizozijua, kisha aangalie kama tarehe iliyobaki ipo ndani ya muhuri alionao. Ikiwa ipo, na ubalozi umemjibu kwamba unapokea wapita njia, aombee kwa jirani. Ikiwa haipo, aanze na kuongeza muda wa kukaa pale alipo, au ageukie nchi yenye viza ya kielektroniki na hiyo ngumu aiache kwa safari nyingine. Anayetaka Schengen au Marekani akiwa njiani, bila makazi hapo, afute wazo hilo mapema.

Na kama umeshaomba kwa jirani ukanyimwa, weka barua ya kukataliwa pamoja na tarehe yake. Fomu nyingi za viza zina swali: umewahi kunyimwa viza na nchi yoyote? Utalikuta tena kwenye ubalozi wa pili na wa tatu. Jibu ni ndiyo, ikifuatiwa na sentensi moja ya sababu waliyokuandikia. Ofisa mpya anaweza kuliona faili la zamani, na maombi ambayo yangepita licha ya kunyimwa huko nyuma yanaweza kuanguka kwa kulificha.